Vifaa tiba vya bima: fedha imo kwenye fomu

MKULA, Busega – Mfanyabiashara wa mkoani Simiyu anayetaka kuweka dukani magongo ya kutembelea, kola za shingo au mikanda ya mgongo kwa wateja wa bima, apime kwanza mtaji wake kwa siku, ndipo aulize bei.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, una vifaa saidizi katika mafao yake. Lakini humlipa aliyesajiliwa tu, tena kwa ushahidi: daktari ameandika ugonjwa na kifaa kinachohitajika, kibali kimepatikana pale kinapotakiwa, na mgonjwa ametia sahihi. Sahihi ikikosekana, dai laweza kukataliwa, na mgonjwa keshaondoka na magongo yake!

Hata dai safi lina kusubiri. Sheria inaupa Mfuko siku 60 za kulipa. Mathalani, kifaa cha Sh 100,000 kikitolewa mwanzoni mwa Mei na dai likapelekwa mwisho wa mwezi, fedha inaweza kuonekana mwishoni mwa Julai. Hapo msimu wa kuuza pamba umekwisha kupamba moto, na wateja wa taslimu wamepita.

Kwa mtaji mdogo, nafuu ni kuiuzia hospitali kwa bei ya jumla na kuiachia makaratasi. Wenye kutaka faida yote wenyewe wawe na akiba ya miezi 3, na karani asiyesahau tarehe.