UNAUZA REDIO, SABUFA AU AMPLIFAYA MTANDAONI? PIGA PICHA MPAKA MGONGONI

Leo nawapa somo lililonitoa 180,000. Nyie lichukueni bure.

Nilipoanza kuuza mtandaoni nilikuwa na amplifaya za mtumba kutoka Japani. Zile nzito, mteja akisikia sauti yake haombi hata kupunguziwa. Nikaiwasha moja, nikapiga picha ya mbele taa zinawaka, nikaposti. Kaka mmoja wa Dodoma akalipia. Alikuwa anaanza biashara ya kukodisha muziki, na Jumamosi ile alikuwa na kazi yake ya kwanza, birthday ya mtoto wa jirani. Nikapakia mzigo kwenye basi, nikalala nikijua nimemaliza.

Kesho yake jioni simu ikaita. "Mdogo wangu, hii kitu imetoa moshi."

Shida ilikuwa nini? Mgongoni kwenye ile amplifaya kuna maandishi madogo: AC 100V. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wa kwetu ni volti 230. Mimi dukani nilikuwa nawashia kwenye transfoma ya kushusha umeme, nimezoea hadi nikasahau kwamba mteja hana. Yeye akaona plagi ina meno mawili bapa haiingii ukutani, akanunua adapta, akachomeka. Adapta inabadilisha meno tu, volti haigusi.

Yule kaka hakukosea. Aliyejua ni mimi, na sikusema. Nilimrudishia hela yote, ila kazi yake ya Jumamosi sikuweza kumrudishia. Nashukuru tu nyumba haikuungua.

Toka siku hiyo, kila mteja wangu anapata maelezo haya kabla mzigo haujatoka:

1. VOLTI. Napiga picha ya mgongoni, namtumia. Ikiwa 100V, namwambia lazima awe na transfoma ya kushusha, na wati za transfoma ziwe kubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye kifaa. Ikiwa 220V mpaka 240V, achomeke bila wasiwasi.

2. HEWA. Amplifaya inatoa joto, na yale matundu ya juu ndiyo pua zake. Sasa kwetu tunapenda kufunika redio na kitambaa cha kufuma, halafu juu tunaweka chombo cha maua. Kitambaa kinaziba pua, maji yakimwagika ndo kabisa. Mwambie mteja akiwa anapiga muziki atoe kitambaa, na aache nafasi ya kutosha juu na pembeni.

3. SAUTI IKIANZA KUKWARUZA, APUNGUZE. Wengi wanadhani spika inaungua kwa sababu amplifaya ina nguvu sana. Hata amplifaya ndogo ikilazimishwa inaweza kuiunguza. Ukiisukuma kupita uwezo wake, mziki unapasuka, na koili ya ndani ya spika inapata moto mpaka inakatika. Kukwaruza ni kilio, asisubiri kimya.

4. SPIKA ZIENDANE. Mgongoni pia kuna namba za omu (Ω). Amplifaya ikisema 6 mpaka 16, usimuuzie na spika za omu 4. Itafanya kazi siku mbili tatu, baadaye ichemke.

5. UMEME UKIKATIKA, AZIME. Ukirudi unaweza kuja na nguvu isiyotulia. Azime swichi, umeme ukirudi asubiri dakika chache ndo awashe. Mvua ya radi ikianza achomoe plagi kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Na asichomeke sabufa, friji na pasi kwenye ekstensheni moja.

6. ASIFUNGUE. Hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme na zinaweza kumpiga mtu. Na fyuzi ikiungua asiweke waya wala fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi inakatika ili kuokoa kifaa. Aite fundi.

7. MASIKIO. Ikiwa kukaa mita moja na mwenzako mnalazimika kupiga kelele ndo msikilizane, hiyo sauti imezidi. Hasa kama kuna watoto wadogo ndani. Kusikia kukipotea kwa kelele hakurudi.

Najua utasema, "nikimwambia yote haya si atakimbia?" Mimi nilidhani hivyo hivyo. Wachache wanaghairi, hasa wakisikia habari ya transfoma, na ni bora aghairi hela ikiwa bado mfukoni kwake. Wengi wananiuliza, "kwa hiyo transfoma unazo?" Ninazo. Nauza vyote viwili.

Ujumbe wangu wa WhatsApp ni huu, unaweza kuunakili:

"Asante kwa kununua. Kifaa chako kinatumia volti ____. Usikifunike kikiwa kinawaka. Sauti ikikwaruza punguza. Umeme ukikatika zima, radi ikianza chomoa. Usikifungue, nipigie mimi kwanza. Ukishasoma nijibu NIMEELEWA ndo nipakie mzigo."

Lile neno NIMEELEWA usiliache. Kesho na keshokutwa likitokea la kutokea, mnarudi kwenye meseji wote wawili, hakuna kugombana. Na kabla ya kufunga boksi rekodi video fupi kifaa kikiwa kinapiga, mgongo ukionekana.

Yule kaka wa Dodoma? Mwaka uliofuata alinunua kwangu spika mbili. Kabla ya kulipa aliandika sentensi moja tu: "Nitumie picha ya mgongoni."

Kama unauza pasi, blenda au kifaa chochote cha umeme, somo ni hilo hilo. Wewe bidhaa gani imewahi kukurudia, na ilikuwa kosa la nani? Tuambiane kwenye komenti, tujifunze.