Bi Rokeya na Ndoto ya Sultana: Mwanamke wa Kiislamu aliyeota mchana, kisha akajenga shule

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu huku Mbagala ilikaa kujadili jambo lililoonekana dogo: kabati la vitabu. Muumini mmoja alikuwa ametoa kabati liwekwe katika chumba cha madrasa, na mabinti wa darasa la jioni wakaomba kwamba, pamoja na vitabu vya fiqhi na sira, ziwekwe na riwaya. Mzee mmoja tunayemheshimu akauliza, "Hadithi za kubuni zitamfundisha nini mtoto wa kike isipokuwa kuota mchana?" Hatukuwa na jibu la haraka, na kikao kikaahirishwa. Tangu siku hiyo tumelitafuta jibu, nasi tunalileta mbele ya wazazi wote, kwa kuwa swali la mzee wetu linaulizwa katika nyumba nyingi.

Jibu letu linaanzia mbali kidogo, katika kijiji cha Pairaband, wilaya ya Rangpur, nchi ambayo leo inaitwa Bangladesh. Huko, mwaka 1880, alizaliwa Rokeya katika familia ya Kiislamu yenye mali na heshima. Mabinti wa ukoo wake walitawishwa tangu utotoni. Walifundishwa kuisoma Qur'ani, lakini Kibengali na Kiingereza vilionekana kuwa hatari kwao. Kaka yake, Ibrahim, hakuridhika na hali hiyo. Usiku, wakubwa wakishalala, alimfundisha mdogo wake kusoma na kuandika lugha hizo kwa siri.

Msomaji wa pwani yetu asiyaone mambo haya kuwa ya kigeni. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba mabinti wa kasri walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Watoto wawili hao, mmoja Bengal na mmoja Unguja, walikuwa na kiu moja.

Rokeya aliolewa akiwa bado binti mdogo na Bwana Sakhawat Hossain, hakimu wa serikali huko Bhagalpur, mjane aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Ndoa kama hiyo ingeweza kuizima taa yake. Lakini Bwana Sakhawat alimtia moyo mkewe asome, aandike na achapishe. Tunawaomba waume wanaosoma ukurasa huu walizingatie hilo.

Mwaka 1905, gazeti moja la wanawake lililotolewa Madras lilichapisha hadithi yake fupi ya Kiingereza, Ndoto ya Sultana. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hiyo kuandikwa na mwanamke wa Kiislamu. Sultana amekaa kitini akiwaza hali ya wanawake wa India. Usingizi unamchukua, na anajikuta katika nchi ya wanawake. Humo wanaume ndio waliotawishwa ndani, na wanawake ndio wanaoendesha mambo. Chakula hupikwa kwa joto la jua, na jikoni hakuna moshi wala makaa. Puto kubwa lenye mabomba huvuna maji kutoka mawinguni, hivyo hakuna mafuriko wala ukame. Watu husafiri kwa gari la angani. Maadui walipovamia na majeshi ya wanaume yakashindwa, wanawake wa chuo kikuu waliwarudisha nyuma kwa kuwaelekezea miali ya jua iliyokusanywa pamoja. Kila mama wa Mbagala aliyewahi kupuliza jiko la mkaa huku macho yakimtoka machozi ataelewa kwa nini mwandishi alianza kuota nishati ya jua kabla ya mambo mengine.

Inasimuliwa kwamba Bwana Sakhawat aliisoma hadithi yote akiwa amesimama, kisha akasema kwamba ni kisasi cha kutisha. Alisema hivyo kwa kumsifu mkewe.

Je, Bi Rokeya alitaka wanaume wafungiwe ndani? Hapana. Alikuwa ameshika kioo mbele yetu. Mwanamume anapoisoma hadithi hiyo na kuona dhuluma kuwafungia wanaume wasio na kosa, hukumu aliyoitoa inamrudia mwenyewe. Hapo ndipo ilipo faida ya hadithi ya kubuni: mtu akiambiwa kosa lake uso kwa uso hukasirika, lakini akilikuta ndani ya kisa hulitambua kabla hajapata nafasi ya kujitetea.

Hatusemi kwamba kila alichoandika kinakubalika. Baadhi ya maneno ya makala yake ya mwaka 1904 yaliwakera wengi, na yaliondolewa makala hiyo ilipoingizwa kitabuni. Lakini wanaomdhania kuwa aliitupa dini wanamkosea. Yeye mwenyewe alijisitiri, na aliandika kutetea vazi la stara. Alichokipinga ni utawa uliopindukia mipaka ya sharia. Katika kitabu chake cha mwaka 1931, chenye visa vifupi 47, anasimulia habari za mwanamke aliyenaswa na baibui lake kwenye njia ya reli. Mtumishi wake akawazuia wanaume wasimguse, na treni ikampitia.

Bwana Sakhawat alifariki mwaka 1909, akiwa amemwachia mkewe rupia 10,000 kwa ajili ya shule ya wasichana. Mwaka huohuo Bi Rokeya aliifungua Bhagalpur kwa wanafunzi 5. Mgogoro wa kifamilia ukamlazimisha kuhama, na mwaka 1911 akaanza upya Calcutta na wanafunzi 8. Mwaka 1916 aliunda jumuiya ya wanawake wa Kiislamu, na mwaka 1924 akatoa riwaya ya Padmarag, kuhusu nyumba inayowapokea wanawake waliotupwa na jamaa zao. Alifariki tarehe 9 Desemba 1932. Bangladesh huiadhimisha siku hiyo kila mwaka, na shule yake ingalipo hadi leo.

Lipo jambo moja katika habari za shule hiyo ambalo limetugusa zaidi. Wazazi wengi waliogopa mabinti zao kuonekana njiani. Bi Rokeya hakuwatukana, aliwatafutia gari. Gari la kwanza lilizibwa pande zote hata watoto wakazimia kwa joto. Likawekewa mapazia, upepo ukayapeperusha, na barua za lawama zikamiminika. Alivumilia lawama za pande zote mbili, na shule haikufungwa.

Miongoni mwa mabinti walioomba riwaya yumo mmoja aliyefaulu vizuri kidato cha nne, na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Baba yake si mtu mbaya. Anaogopa msongamano wa daladala alfajiri na vijana wa vijiweni jioni, na hofu yake ina sababu. Sisi wa kamati tulilijua hilo, tukasema ni jambo la nyumba ya mtu, tukanyamaza. Tunakiri kwamba tulikosea.

Kwa hiyo kikao kijacho tutapeleka hoja mbili. Ya kwanza ni kabati: ziwekwe riwaya zilizochaguliwa kwa uangalifu, na tungependa zianze zile za dada zetu wa Kiswahili, kama Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa za Zainab Burhani. Ya pili ni safari: kamati itafute bajaji ya mtu mwaminifu, na mama mmoja wa kuwasindikiza, ili mabinti wa mtaa wetu waende shule na kurudi salama. Gharama yake igawanywe baina ya wazazi na mfuko wa msikiti. Mzee wetu tutamwomba awe mwenyekiti wa kikao hicho, na nakala ya makala hii tutampelekea nyumbani kabla ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.