Ulezi wa wanakondoo yatima

Ulezi wa wanakondoo yatima ni kazi ya kuwakuza wanakondoo kwa mkono wa mfugaji, kwa kawaida kwa chupa yenye chuchu, pale ambapo mama amekufa, amewakataa au hana maziwa ya kutosha. Mara nyingi anayehitaji ulezi huu ni mmoja wa watatu waliozaliwa pamoja, kwa kuwa kiwele cha kondoo kina chuchu mbili tu. Mwanakondoo wa chupa anaweza kuwa kondoo mzuri kama wenzake, lakini hilo hutegemea hasa saa za kwanza za maisha yake na jinsi anavyoachishwa maziwa.

Saa za kwanza

Tofauti na binadamu, kondoo hapitishi kingamwili kwa mtoto wake kupitia kondo la nyuma. Mwanakondoo huzipata katika dang'a, yaani maziwa mazito ya mwanzo. Utumbo wake huweza kuzifyonza kwa muda wa saa 24 hivi tu, na uwezo huo hupungua kila saa inayopita.

Katika siku ya kwanza anahitaji takriban mililita 200 za dang'a kwa kila kilo ya uzito wake. Hivyo mwanakondoo wa kilo 3 anahitaji mililita 600, akinyweshwa kidogo kidogo. Kama mama amekufa, dang'a hukamuliwa kwa kondoo mwingine aliyezaa karibuni, au hutumiwa ya mbuzi au ya ng'ombe.

Joto la kawaida la mwanakondoo ni nyuzi 39 hadi 40 za selsiasi. Aliyepoa hadi kushindwa kuinua kichwa na kunyonya asipewe chupa, kwa sababu maziwa yanaweza kuingia katika mapafu. Huyo anahitaji msaada wa haraka wa mganga wa mifugo.

Mama mlezi

Ikiwezekana, yatima hupewa mama mwingine aliyefiwa na mtoto. Kondoo humtambua mtoto wake kwa harufu. Kwa hiyo wachungaji wa nchi mbalimbali wamezoea kumchuna mwanakondoo aliyekufa na kumvika yatima ngozi hiyo kwa siku chache, mpaka mama amzoee.

Kulisha na kuachisha maziwa

Maziwa ya kondoo yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa wanakondoo yanafaa zaidi. Mwanakondoo hunyonya akiwa amesimama, kama angefanya chini ya mama yake, wala halazwi chali. Milo midogo ya mara kwa mara ni salama kuliko milo mikubwa michache, ambayo huweza kusababisha tumbo kuvimba. Vyombo huoshwa vizuri kila baada ya mlo ili kuzuia kuharisha.

Kuanzia juma la kwanza au la pili huwekewa maji safi, majani laini na chakula cha nafaka. Chakula kigumu ndicho kinachokuza tumbo la kwanza, ambalo baadaye litameng'enya majani. Anaweza kuachishwa maziwa akiwa na umri wa majuma 5 au 6, ikiwa tayari anakula vizuri. Chakula cha ng'ombe kisitumiwe, kwa sababu huweza kuwa na madini ya shaba kwa kiasi kinachomdhuru kondoo.

Tabia ya ukubwani

Jike aliyelelewa kwa chupa huwa mpole na rahisi kushikwa, na anaweza kuzaa na kulea watoto wake mwenyewe. Dume ni jambo jingine: kwa kuwa hamwogopi mtu, akikomaa anaweza kumwona kama mpinzani na kumpiga kichwa kwa nguvu. Kwa sababu hiyo madume wa chupa huhasiwa mapema, na watoto hukatazwa kucheza nao kwa kusukumana vichwa.