Je, Wajua? Kaa wa Mikoko Hustahimili Maji Yenye Chumvi Kidogo

Maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Katika hori ya Mwache, karibu na Miritini, kiwango hicho hushuka mto unapofurika wakati wa masika. Kaa wa mikoko, Scylla serrata, hastuki: matamvua yake hufyonza chumvi na kuihifadhi mwilini. Huweza kufugwa katika tangi lenye chumvi kidogo, mradi kila kaa atengwe, maana hulana, hasa mmoja akijivua gamba. Pweza, jongoo bahari na kiti cha pweza hawana uwezo huo. Chumvi ikishuka ghafla, hufa. Hata kaa jike huenda bahari kuu kuangua mayai, kwani watoto wake wachanga hawastahimili maji ya hori.