Mikalitusi miwili inayofanana: upi wa makala, upi wa mbao?

Mkulima anayenunua miche ya mikalitusi huko Masisi, Rutshuru ao Lubero, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, anapaswa kwanza kuuliza ni ya aina gani. Kuna aina mbili zinazofanana sana: Eucalyptus saligna na Eucalyptus grandis. Zote mbili asili yao ni mashariki mwa Australia, na zina shina refu, lililonyooka, lenye ganda linalobambuka. Huko Afrika Kusini, miti ya grandis iliitwa saligna kwa miaka mingi.

Tofauti ya kwanza iko chini. Mche wa saligna hufanya kinundu kwenye shina, karibu na udongo. Ndani yake mna akiba ya chakula na macho ya kuchipuka, kwa hiyo mti ukikatwa ao ukiungua, unaota tena kutoka hapo. Grandis haina kinundu. Kisiki chake kinaweza kuchipuka, lakini uwezo huo unapungua kadiri mti unavyozeeka.

Tofauti ya pili iko kwenye matunda. Okota yaliyoanguka chini ya mti: ya grandis yana meno yaliyopinda kuelekea ndani, ya saligna yana meno membamba yaliyosimama ao kuelekea inje kidogo.

Grandis inakomaa mbio kwenye udongo wenye kina na unyevu. Mti wake ni mwepesi, unafaa kwa mbao. Saligna ni nzito zaidi na inavumilia vizuri zaidi baridi ya milimani. Anayetaka kukata kuni na makala mara kadhaa kwenye visiki vilevile, saligna ndiyo itamfaa.

Uchaguzi huo si jambo dogo. Nyumba nyingi za Goma zinapikia makala, na sehemu kubwa ya makala hayo imekuwa ikitoka katika mbuga ya Virunga. Kwa sababu hiyo shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala mwaka 2007, ili wakulima wapande miti ya makala katika mashamba yao wenyewe.

Aina hizi mbili huzaliana, na kuna miti yenye alama za pande zote mbili. Basi muulize mwenye kitalu mbegu zake zilitoka wapi. Na aina yoyote utakayochagua, usiipande karibu na chemchemi wala kando ya maharagwe: zote mbili zinakunywa maji mengi.