Kelele Inayotoka Nyuma ya Gari

Magari mengi madogo ya otomatiki yanayoegeshwa mtaani Migosi, Kisumu, yalitembea kwanza barabara za Japani kabla ya kushuka bandarini Mombasa. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limepita miaka 8, ila umri hauelezi hali ya bushi wala beringi. Kelele ikisikika nyuma, mnunuzi huwaza geaboksi, maana ndiyo inayoumiza mfuko. Hofu hiyo mara nyingi si ya haki: Vitz, Demio na wenzao wengi huvutwa na magurudumu ya mbele, na geaboksi iko hukohuko mbele.

Kabla ya lolote, buti hutolewa kila kitu. Jeki iliyolegea au gurudumu la akiba lisilofungwa limeshawagharimu watu shoku mpya bure.

Kisha huulizwa kelele huja lini. Ikigonga kwenye matuta ya mtaani kwa mwendo mdogo, hukaguliwa shoku, bushi na vishikizo vya bomba la moshi. Shoku inayovuja oili imekwisha, na hubadilishwa mbili pamoja, kushoto na kulia. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua ya usiku, ukiisha baada ya breki kukanyagwa mara chache, ni kutu nyepesi tu.

Mvumo unaopanda na mwendo huhitaji barabara ndefu, kama ile ya kwenda Kakamega baada ya Mamboleo. Ukibadilika lami inapobadilika, ni tairi lililolika vibaya. Kiganja kikipitishwa juu yake hukuta mabonde. Usipojali lami, lakini ukazidi gari linapokata kushoto, beringi ya kulia ndiyo inayoshukiwa, kwa kuwa uzito umehamia upande huo.

Ili kuthibitisha, gurudumu huinuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Hapa otomatiki ina mtego wake. P hufunga magurudumu yanayovuta pekee. Ya nyuma huachwa huru, na hendibreki ikishateremshwa ili yazunguke, gari limeshikwa na yale ya mbele tu. Kwa hiyo ya mbele huwekewa mawe imara, na bodi hukalia stendi, si jeki peke yake. Beringi mbovu hukwaruza au kucheza. Safari ndefu nayo haifai, kwani gurudumu linaweza kulegea njiani.

Subaru Forester na magari mengine yanayovutwa na magurudumu manne yana difu na propela nyuma. Mlio unaobadilika mguu ukikanyaga au kuachia mafuta huelekeza kwenye difu. Mlio mmoja wa chuma kugonga wakati wa kutoka R kwenda D huelekeza kwenye viungo vya propela. Oili ya difu hukaguliwa kama ina vipande vya chuma. Fundi makini hufungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia: ya kujazia ikigoma oili ikiwa imeshamwagika, gari hilo halitoki gereji siku hiyo.