Siku Moja Unguja, na Bei ya Mkoba

Mtu asafiriye peke yake hana wa kumcheka wala wa kumtetea. Akitenda jema ni lake, na akitenda ovu hana mwenzi wa kumtupia lawama. Jambo hili nilijifunza huko Unguja, siku nilipopata mapumziko nikavuka bahari kutoka Dar es Salaam, ili niutazame mji ambao mara nyingi nimeupita kwa shughuli za Chama bila kuuona.

Nilishuka asubuhi katika bandari ya Malindi, nikawakuta wachukuzi wakisukuma mikokoteni, jasho likiwatoka kabla jua halijapanda. Yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1948 wachukuzi wa bandari hiyo waligoma kudai ujira bora, na mgomo wao ukaenea hata mji mzima ukasimama. Mgeni ashukaye pale na mfuko wake huwaona wachukuzi kama sehemu ya zogo la bandari tu. Kumbe wameandika ukurasa katika historia ya nchi hii.

Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu hadi Darajani, kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1904. Mgeni atauliza: Daraja liko wapi? Halipo. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Upande huu majumba ya mawe ya wenye mali, upande ule nyumba za udongo na makuti za wafanya kazi. Mkono ule ulijazwa kifusi, daraja likatoweka, jina likabaki. Na baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, huko huko Ng'ambo yakasimamishwa majumba ya ghorofa ya Michenzani, ili aliyezoea makuti naye apate dari la saruji.

Hatua chache kutoka sokoni ni Mkunazini. Mimi ni mtoto wa shule ya misheni, na jina la Askofu Edward Steere, aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, nililisikia tangu utotoni. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na lilijengwa juu ya kiwanja cha soko lenyewe. Nje ya kanisa ziko sanamu za watumwa, wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Nilikaa pale kitambo, nami sikuona haja ya kusema neno.

Mchana niliingia vichochoroni. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko; ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba, kwani upana wa chumba haukuweza kuupita urefu wa boriti. Kila boriti iliyo juu ya kichwa cha mgeni ilikatwa na mtu aliyesimama katika tope, ikabebwa begani mwa mtu. Mwaka 2000 mji huu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini majina ya waliobeba boriti hayakuandikwa popote.

Nikafika mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, zama ambazo utumwa wenyewe ulikuwa haujafutwa; sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1897. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati likitengenezwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Basi hata fahari ya kale, ili isimame, bado yadai damu ya mnyonge.

Jua lilipozama, soko la usiku la Forodhani likaamka. Taa zikawashwa juu ya meza. Moshi wa mishkaki ukapanda. Wengine wakakaanga pweza, wengine wakakamua miwa na kuitia ndimu na tangawizi. Nilikunywa bakuli la urojo, nikashiba, kisha nikaenda kutafuta zawadi ya nyumbani.

Bibi mmoja alikuwa ameketi na mikoba ya ukili. Nilimwamkia, nikauliza bei, naye akaitaja. Nikatoa nusu. Akapunguza kidogo, mimi nikashikilia nusu yangu, nikageuka kama niendaye zangu. Ndipo aliponiambia, bila hasira:

"Mwanangu, kupatana si kosa. Lakini miaa nainunua, na rangi nainunua. Ukili nausuka usiku nikishamaliza kupika, kisha naushona. Hiyo nusu yako ndiyo miaa na rangi. Mikono yangu umeilipa nini?"

Ndugu msomaji, juma lile lile nilikuwa nimeandika katika ukurasa huu juu ya ujira wa haki! Kutwa nzima nimewasikitikia waliobeba boriti bila malipo, na usiku ulipoingia nikataka mkoba kwa namna ile ile. Nilimwomba radhi, nikamlipa bei aliyoitaja mwanzo. Alinirudishia sehemu ya fedha, akasema ile ndiyo bei aliyotaraji tufikie.

Sisemi watu wasipatane bei. Hiyo ni desturi yetu, na ni mazungumzo mema baina ya watu. Lakini kupatana kuna mpaka wake, nao ni pale jasho la mwenzio linapoanza kuhesabiwa kuwa si kitu. Mwenye kulipia miaa na rangi peke yake, akaiacha mikono, huyo ni mnyonyaji, hata akiwa na kadi ya Chama mfukoni. Twapiga kelele juu ya waajiri wakubwa, na twafanya vyema. Lakini kila mmoja wetu, aendapo sokoni na fedha mkononi, naye ni mwajiri kwa dakika tano.

Mkoba ule sasa hubeba karatasi zangu kila siku ofisini. Kila niandikapo neno "haki", huutazama kwanza.